Moto Uliowaka na Moto Uliowashwa: Tahakiki ya Istilahi za Moto wa Kale

Imetufikia mezani tafsiri ya makala ya kisayansi kuhusu moto wa kale kandokando ya Ziwa Nyasa, ambalo ng'ambo ya mpaka huitwa Ziwa Malawi. Lugha yake ni fasaha. Hata hivyo, neno moja limeipotosha hoja nzima.

Makala ya asili, iliyotolewa mwaka 2021, yaeleza uchunguzi wa mashapo yaliyochimbuliwa kwa keekee chini ya ziwa, pamoja na zana za mawe zilizofukuliwa kaskazini mwa Malawi. Chavua iliyomo katika mashapo hubainisha uoto uliokuwapo. Chembe za mkaa hubainisha moto. Ilionekana kwamba baada ya miaka ipatayo 85,000 iliyopita ziwa lilijaa tena, lakini msitu haukurudia wingi wa aina za miti kama ilivyokuwa katika vipindi vya mvua vilivyotangulia. Wataalamu walilihusisha jambo hilo na moto wa wawindaji na wakusanyaji wa chakula, sambamba na mabadiliko ya mvua. Radi aghalabu hufuatana na mvua. Mwanadamu aweza kuwasha nyasi hata katikati ya kiangazi.

Mfasiri ametumia "uchomaji wa misitu" kila mahali, hata panapozungumziwa moto wa radi. Hapo ndipo penye kosa. Kiswahili hutenganisha kuwaka na kuwasha, kuungua na kuunguza. Kuchoma hudai mtendaji. Aandikaye "uchomaji" amekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa, na swali lililowashughulisha wataalamu, yaani tabianchi ilitenda nini, uoto ulitenda nini, na watu walitenda nini, hutoweka.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Neno likishaingia katika kitabu cha shule na waraka wa ofisi, mwanakijiji husomewa kwamba kila moto ni hatia yake.

Dosari ya pili ni "utawala wa moto". Moto hautawali, kinachokusudiwa ni jinsi unavyojirudia: mara ngapi, msimu gani, kwa ukali gani na kwa eneo gani. Twaona "mwenendo wa moto" yatosha. Ya tatu ni kuita tabianchi "hali ya hewa". Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi hupimwa kwa miaka mingi.

Kwa upande mwingine, twampongeza mfasiri kwa kuchagua "uoto" badala ya "mimea", kwani dhana ni ya jumla ya kinachoifunika ardhi, si ya mmea mmoja mmoja.

Hivyo twapendekeza "moto wa porini" liwe jina la jumla, kwa kuwa pori hubeba nyasi, vichaka na miti. "Moto wa radi" pale chanzo kinapojulikana. Na "uchomaji" litumike tu pale mkono wa mtu ulipothibitika. Walimu na wafasiri wenye maneno bora zaidi kutoka sehemu zao, twawaomba wayalete yajadiliwe kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.