Bakole na Siku Mbili za Riyadh

Kuna kinyozi kijijini Raila, huku Kibera, ambaye ana viti viwili, na jioni yenye pambano kubwa kwenye kiti cha pili hanyolewi mtu. Hukaliwa na anayezungumza. Ukimaliza hoja yako unasimama, mwingine anakaa. Jumamosi ya tarehe 22 Februari 2025 kiti hicho hakikupoa tangu alasiri, kwa sababu Martin Bakole, Mkongo wetu, alikuwa apande ulingoni Riyadh kupigana na Joseph Parker wa New Zealand. Saa za Riyadh ni saa za Nairobi, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kisingizio cha kulala.

Waliokaa kitini karibu wote walikuwa upande mmoja. Hoja yao ilikuwa Jared Anderson. Tarehe 3 Agosti 2024, kule Los Angeles, Bakole alimkuta Mmarekani huyo akiwa hajapoteza pambano hata moja kati ya 17, akamwangusha raundi ya kwanza, na raundi ya tano akamwangusha tena mara mbili hadi refa akasimamisha. Baada ya hapo rekodi ya Bakole ilikuwa ushindi 21, 16 kati yake kwa nokauti, na kushindwa mara moja tu. "Aliyemlaza Anderson, Parker atamfanya nini?" kijana mmoja aliuliza, na banda zima likamwitikia. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri ndevu zake zinyolewe ndiye peke yake aliyejibu kwa swali. "Vijana wangu, huyu Bakole alipigiwa simu lini?"

Alipigiwa Alhamisi. Parker alikuwa amejiandaa kumkabili Daniel Dubois, bingwa wa IBF, na Dubois akajitoa kwa ugonjwa siku mbili kabla ya pambano. Bakole alikuwa Kongo. Alikubali, akapanda ndege, akatua Riyadh usiku wa kuamkia siku yenyewe. Taji la IBF halikuwapo tena mezani, ila Parker aliuweka rehani mkanda wake wa muda wa WBO, na mshindi angekuwa hatua moja kutoka kwa bingwa wa dunia. Simlaumu Bakole hata kidogo. Bondia wa umri wa miaka 33 ambaye wakubwa wamekuwa wakimkwepa hawezi kuiambia simu kama hiyo ipige tena mwezi ujao. Lakini sisi tuliokaa kwenye kiti cha kinyozi hatukuwa tukipanda ndege. Kazi yetu ilikuwa kupima, na tulipima vibaya.

Turudi kwa Anderson, maana pambano lile lilisifiwa kwa sababu isiyo sahihi. Watu walikumbuka apakati ya mkono wa kulia, konde la kutoka chini kwenda juu, iliyomketisha Anderson raundi ya kwanza. Apakati hiyo ilikuwa ya mwisho katika msururu wa kazi. Kwanza Bakole aliutumia mkono wake wa mbele, jebu nzito ya kushoto, kumlazimisha Anderson ainue gadi na kurudi nyuma. Kisha akaingia hatua ndogo ndogo, kichwa kikiwa pembeni, hadi akafika mahali ambapo apakati ina maana. Mtu wa urefu wa karibu mita mbili anayeweza kusogea hivyo kwa raundi tano ana miguu inayomtii. Usiku ule alikuwa na kilo karibu 129, baada ya maandalizi kamili na kocha wake Billy Nelson kule Scotland. Ngumi tuliyoishangilia ilitoka kwenye miguu, na miguu hujengwa kambini.

Riyadh alipima kilo karibu 143. Hiyo ni nyongeza ya kilo 14. Mtu wa Raila anaweza kuipima nyongeza hiyo kwa mkono wake: chukua mtungi wa maji wa lita 20, ujaze kupita theluthi mbili kidogo, uubebe kutoka kwenye mfereji hadi nyumbani huku mtu anakurushia ngumi njia nzima.

Uzani wa juu una jambo ambalo mashabiki hatulipi uzito unaostahili. Madaraja mengine yote yana kikomo. Bondia aliyezembea hugunduliwa na mizani siku moja kabla ya pambano, na mara nyingi huadhibiwa. Uzani wa juu hauna kikomo cha juu. Mizani hukutangaza tu, haikukatazi. Ndiyo maana daraja hili ndilo rahisi kuliko yote kumtafutia mtu mbadala wa dakika za mwisho, na ndilo hatari kuliko yote kwa mbadala huyo.

Usiku huohuo, kwenye orodha hiyohiyo ya mapambano, kulikuwa na mbadala mwingine. Josh Padley, fundi wa stima kutoka Uingereza, aliitwa siku chache kabla kupigana na Shakur Stevenson kwa taji la WBC la uzani mwepesi. Alishindwa, kwa sababu Stevenson ni fundi wa aina nyingine, lakini alisimama hadi raundi ya 9. Kikomo cha daraja lao ni kilo 61.2. Ili apande ulingoni ilibidi mwili wake uwe tayari karibu na kilo hizo, yaani fundi huyu alikuwa akiishi kama bondia hata wakati hakuna aliyemwita. Mizani ilimhoji kabla Stevenson hajamhoji. Bakole hakuhojiwa na mtu.

Kilo hizo 14 zinageukaje kuwa nokauti? Kueleza hilo nitatoka Riyadh niende Kawangware, nyuma ya kituo cha 46, ambako kuna ukumbi mdogo wa mabati ninaopitia mara kwa mara. Mfuko wao wa kupigia ni gunia lililoshindiliwa matambara. Wiki moja kabla ya pambano la Parker nilimtazama pale kijana mmoja akifanya raundi za dakika tatu tatu, nami nikaamua kutazama kitu kimoja tu: mkono wake wa kushoto unarudi wapi baada ya jebu. Raundi ya kwanza ulirudi shavuni kila mara, kama umefungwa kwa mpira. Ya pili ulirudi kidevuni. Raundi ya nne ulikuwa unarudi kifuani, na kabla ya kurudi ulishuka kwanza kidogo, kama mtu anayeweka mzigo chini kupumzika. Kocha wake alikuwa na ufagio mkononi. Kila mkono uliposhuka aligusa upande wa kushoto wa kichwa cha kijana kwa mpini, taratibu, bila kusema neno. Kijana alijua amekosea wapi, na bado mkono ulishuka tena, kwa maana bega lililochoka halisikii ushauri.

Mpini ule uligusa palepale ambapo konde la kulia la Parker lilikuwa likienda.

Parker hakuhitaji kubuni jambo jipya. Alikuwa ametoka kwenye kambi nzima, chini ya kocha Andy Lee, akijiandaa kumkabili Dubois, mtu mrefu anayesimama mguu wa kushoto mbele na kutegemea jebu na konde zito la kulia. Bakole naye ni mrefu, naye husimama mguu wa kushoto mbele. Kwa macho ya Parker picha ilibaki ileile, ila iliyo mbele yake sasa ilikuwa na kasi ndogo. Angekuwa ameletewa mtu wa mkono wa kushoto, pengine simu ya Alhamisi ingemsumbua yeye zaidi.

Alichofanya ni kukaa nje ya kipimo cha mkono wa Bakole, kumwachia yeye kazi ya kusogea, kisha kupitisha konde la kulia juu ya mkono wa kushoto uliochelewa kurudi. Bakole alikuja mbele kama kawaida yake, naye alirusha makonde ya kuogopesha, lakini alikuja wima. Ile hatua ndogo ya Los Angeles, kichwa kikiwa pembeni, haikuonekana. Kumzungusha mtu huhitaji miguu, na kilo 143 zisizo na kambi hutembea mstari mmoja. Raundi ya pili konde la kulia likatua pembeni mwa kichwa. Bakole akaanguka, akainuka, miguu ikamsaliti, refa akamaliza kazi.

Kwa kinyozi kelele zilikuwa kwamba refa amemwonea. Mtu amesimama, mwache apigane. Hapo nilisimama mimi, ingawa zamu haikuwa yangu, kwa sababu jambo hili Mkenya hapaswi kulisema ovyo. Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alisimamishwa na refa raundi ya 9 Las Vegas, Julai 1994. Alilalamika kwamba alikuwa bado mzima. Hakumaliza siku tatu. Mtu aliyesimama na mtu anayeweza kujikinga ni watu wawili.

Mzee wa ndevu, alipopewa kiti hatimaye, alizungumzia Kinshasa. Anakumbuka kwamba Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipopanda ulingoni saa kumi alfajiri kule, hapa Nairobi ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi na watu walikuwa wakielekea kazini. Wakati huo pia mabaraza yalipima ngumi. Foreman alikuwa ameshinda mapambano yote 40, 37 kwa nokauti, na manane ya mwisho hayakuvuka raundi ya pili. Kila mtu aliisoma takwimu hiyo kama tishio. Ali aliisoma kinyume: mtu huyu hajaulizwa pumzi zake kwa muda mrefu. Raundi ya kwanza alimchokoza kwa makonde ya kulia ya kushtukiza, na kuanzia ya pili akaegemea kamba, akamwachia mbavu na mikono avipige hadi achoke. Foreman alilala raundi ya 8.

Na hata hapo kalenda iliingilia. Pambano lilikuwa lifanyike tarehe 25 Septemba. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa kwa wiki tano. Katika wiki hizo bingwa alilazimika kulinda kidonda badala ya kupigana kambini, huku mpinzani wake mwenye miaka 32 akiendelea kukimbia N'Sele kandokando ya mto, akilizoea joto na kujipatia mji mzima. Mpinzani aliyehitaji siku alizipata kwa bahati. Miaka 50 baadaye mpinzani mwingine, mzaliwa wa nchi lilikofanyika pambano hilo, alizinyimwa.

Pambano lililofuata la Bakole lilikuwa tarehe 3 Mei 2025, Riyadh tena, dhidi ya Efe Ajagba wa Nigeria. Raundi 10, majaji wakatoa sare. Kwa kinyozi waliisoma sare hiyo kama kaburi: hawezi tena, Parker amemmaliza. Mimi nilikuwa nimetazama mkono wa kushoto. Kati ya mapambano hayo mawili zilipita siku 70, na bondia ambaye Februari hakuzimaliza raundi mbili alifika ya kumi kwa miguu yake. Mkono ulishuka, ndiyo, lakini ulianza kushuka raundi za mwisho. Nilikaa kitini nikalisema hilo, na kijana wa hoja ya Anderson akaniuliza kama siku 70 zilimtosha. Nikamwambia angehitaji mia.