Mpigaji Mmoja, Kanda Mbili

Nyumbani nina kanda mbili za Goldberg Variations ya Bach, zote kapiga piano Glenn Gould wa Kanada. Ya 1955 ana miaka 22: mbio, dakika 38 kamaliza. Ya 1981 ni dakika 51. Sawa, baadhi ya sehemu anazirudia, lakini hebu sikiliza wimbo wa kufungulia: dakika mbili kasoro zimekuwa tatu na ushei. Mwaka uliofuata akafariki.

Wenzangu wanasema ya pili ndiyo ya mtu mzima. Mimi nabisha. Ya pili inapima kila noti. Ya kwanza haijali, na furaha yake sijaipata kwingine. Naye Gould hakuifuta, alipiga upya tu. Basi mswada wangu wa kwanza wa riwaya, niliokuwa nataka kuutia kiberiti, nimeurudisha sandukuni. Naanza mwingine.