Zimebaki Tatu

Chupa imesimamishwa wima tangu jana ili mashapo yatue chini. Ni mvinyo mwekundu wa Bordeaux, umri wake miaka thelathini na ushei, na kabla kizibo hakijaguswa mwonjaji ameshaanza kazi: anatazama mvinyo umeishia wapi shingoni. Ukiwa umeshuka hadi mabegani, basi hewa imekuwa ikiingia kwa miaka, na huenda kinachomngoja humo ndani ni siki ya bei mbaya.

Kizibo cha umri huo hakitaki pupa. Kimelowa na kulainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, na mkono wa haraka hukikata katikati. Anakitoa taratibu, anafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, kisha anamimina kwenye jagi la kioo huku mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa. Jagi halitazami kabisa. Macho yote yako kwenye ule mwanga. Uzi mweusi unapoanza kutambaa kutoka mabegani, anaacha kumimina. Chini kumebaki tope la vidole viwili, wala halimuumi. Tope hilo zamani lilikuwa ukakasi.

Mvinyo mchanga wa Bordeaux, hasa wenye zabibu nyingi za Cabernet Sauvignon, hukamata ulimi kama bibo au ndizi mbichi. Ukakasi huo huletwa na tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kidogo kwenye mapipa ya mwaloni. Miaka inavyokwenda, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe, hushikana pia na rangi, zikawa nzito, zikazama. Ndiyo maana mvinyo unaozeeka hulainika mdomoni huku rangi yake ikichujuka. Mwonjaji anainamisha glasi juu ya kitambaa cheupe: katikati wekundu bado upo, ila pembeni ile zambarau ya ujana imeondoka, imekuja rangi ya tofali. Tofali si kasoro. Ukikuta kahawia tupu, kama chai ya rangi iliyolala, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Sasa pua. Harufu ya matunda imerudi nyuma. Mbele zimekaa ngozi, tumbaku, uyoga, majani yaliyonyeshewa. Mgeni hufurahia hizo akadhani amefika. Mwonjaji anachimba chini yake kutafuta kama tunda bado lipo, kwa sababu uchachu hauzeeki. Tunda likiisha, uchachu hubaki peke yake, na kinywani unakuwa kama unanyonya kokwe la embe ambalo mwenzio ameshalimaliza.

Na hapo wengi hujikwaa. Kuna mvinyo unaojifunga katikati ya umri wake, ukanyamaza miaka kadhaa. Asiyeujua huuzika ungali hai. Kuna ulioharibiwa na kizibo, unanuka boksi lililolowa, watu wakausingizia uzee. Na kuna usiofika popote: Bordeaux ya mavuno ya 1975 ilikuwa na nguvu za kutisha, lakini katika chupa nyingi tunda lilikata roho tanini zikiwa bado zimekaza.

Kukosea huku hakuwahusu wanafunzi tu. Mwaka 1976, mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha majaji Wafaransa mivinyo myekundu kumi bila kuwaonyesha lebo, sita ya California na minne ya Bordeaux. Ukashinda wa California, Stag's Leap wa 1973. Watetezi wa Bordeaux wakasema ngojeni, yetu imetengenezwa kwa safari ndefu, hiyo yenu itachoka njiani. Haikuwa hoja ya kijinga, nami ningekuwepo pengine ningeishika. Basi ikangojwa. Mwaka 2006 mivinyo ileile ikaonjwa upya, London na Napa, ikiwa na miaka 30 zaidi chupani. Nafasi tano za juu zote zikaenda California, na wa kwanza ukawa Ridge Monte Bello wa 1971, uliokuwa wa tano siku ile ya Paris. Majaji walikuwa nao mdomoni mwaka 1976, ndimi zao zikiwa za kuaminika kuliko nyingi duniani, wakaupita.

Kwa hiyo anayeijua kazi hii hatoi hukumu kwa funda la kwanza. Anaiacha glasi mezani, anairudia baada ya robo saa, tena baada ya nusu. Mvinyo unaozidi kufunguka saa nzima bado una miaka mbele. Unaonukia ghafla ukajaza chumba, kisha ukasinyaa kabla mkate haujaisha, huo wa kunywa mwaka huu. Na bado hajui. Ili ajue, hununua kasha la chupa kumi na mbili na kufungua moja kila baada ya miaka miwili mitatu, akiandika daftarini: umefunga, umefunga, unaanza, mzuri, mzuri sana. Kilele hukiona siku anapoandika "mzuri" baada ya "mzuri sana".

Leo ameirudia glasi mara ya nne. Amenusa, ameonja kidogo, amekaa kimya. Kisha amechukua kalamu, akaandika "mzuri sana", akaweka alama ya kuuliza pembeni, na chini yake: zimebaki tatu.