Picha Iliyofumwa: Mawindo ya Majira ya Baridi

Msomaji, pengine umezoea kuzipima picha kwa kazi ya brashi. Hapa twakuomba uipime picha isiyopakwa rangi, bali iliyofumwa uzi baada ya uzi. Nayo ni ile ya mwezi wa Desemba, moja katika mazulia 12 ya ukutani yaitwayo Mawindo ya Maximilian, yaliyowekwa katika jumba la Louvre, mjini Paris.

Mchoraji wake ni Bernard van Orley, nayo yalifumwa Brussels yapata miaka ya 1531 hata 1533. Kila zulia lina mwezi wake na alama ya buruji yake. Msitu uonekanao ni ule wa Soignes, karibu na mji huo. Jina lisikudanganye: Kaisari Maximilian wa Kwanza alikwisha kufa mwaka 1519.

Desemba ni wakati wa baridi kali katika Ulaya, na wakuu wa siku zile waliutumia kwa kuwinda nguruwe mwitu. Tazama: mnyama amezingirwa na mbwa, na mwindaji amchoma. Sifa ya kwanza ya kazi hii ni ukweli. Van Orley hakuwasimamisha wakuu kama sanamu. Aliwatia katika vurugu, akaonyesha kwamba mchezo wao ulikuwa na damu na hatari.

Sifa ya pili ni ya wafumaji. Walipitisha mshindio wa sufu, hariri na nyuzi zilizotiwa fedha na dhahabu katikati ya mtande. Mpaka rangi akikosea hupaka juu ya kosa. Mfumaji hana budi kufumua. Hata hivyo manyoya ya mbwa na magome ya miti yaonekana kama ya kushikika.

Walakini ipo kasoro. Baridi tuonyeshwayo hapa ni baridi ya mtu aliyeshiba. Watumishi wamo, lakini wamo kwa ajili ya mchezo wa mabwana. Mkulima ahesabuye nafaka zake mpaka masika si shujaa wa picha hii. Usiikatae kazi kwa sababu hiyo, wala usiisifu bila ya kuliona jambo hilo.

Mwisho, kumbuka ya kuwa mawindo yalikwisha jioni ile ile. Kilichobaki hata leo, baada ya karne nne na zaidi, ni jasho la mafundi.