Sifa za Mtunza Mwendelezo

Miongoni mwa fani zinazoijenga filamu ipo moja ambayo ikitendwa vyema haionekani kabisa, nayo ni utunzaji wa mwendelezo, yaani kazi ya kuhakikisha kwamba kilichoonekana katika picha moja kinaafikiana na kitakachoonekana katika picha inayofuata. Haja yake inatokana na desturi ya kurekodi filamu bila kufuata mtiririko wa hadithi: mlango unaosukumwa leo jangwani huenda mwigizaji akatokea upande wake wa ndani wiki kadhaa baadaye, studioni, na mtazamaji atauona mwendo huo kuwa hatua moja tu. Katika Hollywood ya zama za studio kubwa, kazi hii mara nyingi ilifanywa na mwanamke aliyeketi kando ya kamera, mswada mapajani na saa ya kupimia mkononi, akiandika baada ya kila teki, yaani kila mara onyesho linaporekodiwa, mkono upi ulishika glasi, sigara ilibaki urefu gani na kifungo kipi cha koti kilikuwa wazi. Jina lake kwa kawaida halikutajwa popote katika filamu.

Filamu za kauboi ziliitia fani hii majaribuni kwa namna ya pekee, kwa sababu sehemu kubwa yake hutendeka nje, chini ya jua lisilongoja mtu. Mpanda farasi anayerekodiwa asubuhi huangusha kivuli kirefu upande wa magharibi. Uso wake ukichukuliwa kwa karibu alasiri, kivuli kimekwisha kuhamia mashariki, na picha hizo mbili zikiunganishwa ataonekana kama aliyegeuza njia ghafla. Vumbi lililotua begani, jasho kwenye ukingo wa kofia, farasi mwenye doa jeupe usoni aliyechoka na kupokewa na mwenzake, hesabu ya risasi katika bastola ya matundu sita: yote hayo yalipaswa kukumbukwa. Kosa moja likipenya hutajwa miaka hamsini, ilhali mamia yaliyozuiwa hayamletei sifa yule aliyeyazuia, na hiyo ni dhuluma.

Hata hivyo, uaminifu wa mtunza mwendelezo ni kwa picha iliyotangulia, si kwa historia. Katika *The Good, the Bad and the Ugly* ya Sergio Leone, iliyotoka mwaka 1966 na inayosimulia vita vya New Mexico vya mwaka 1862, mhusika Tuco anaingia katika duka la silaha, anazifungua bastola kadhaa, anazungusha silinda moja baada ya nyingine karibu na sikio lake, kisha anajiundia bastola moja kwa sehemu alizozichagua na kuijaza risasi zenye ganda la shaba. Onyesho hilo ni la kupendeza mno, lakini risasi hizo zimewahi mno. Bastola za Colt za wakati ule zilijazwa baruti na risasi tundu kwa tundu kutoka mbele, na fataki ikabandikwa nyuma; silinda iliyotobolewa pande zote mbili ililindwa na hataza iliyodhibitiwa na Smith & Wesson hadi mwaka 1869. Bunduki ya Winchester ya mwaka 1892, ambayo John Wayne anaizungusha katika *Stagecoach* (1939), nayo ilitengenezwa baada ya Geronimo, kiongozi wa Waapache anayehofiwa katika hadithi hiyo, kusalimu amri mwaka 1886. Sababu ya kuitumia ilikuwa ya ghalani: aina moja ya risasi baridi, yaani zenye baruti bila kichwa, iliweza kutumika katika bunduki hizo na katika bastola pia.

Upotoshaji wenye uzito zaidi umo katika *My Darling Clementine* ya John Ford (1946). Mapambano ya Tombstone, Arizona, kati ya ndugu wa Earp pamoja na rafiki yao Doc Holliday na kundi la akina Clanton, yalitokea tarehe 26 Oktoba 1881. Filamu inayapeleka mwaka 1882, tena chini ya majabali ya Monument Valley, zaidi ya kilomita 500 kaskazini. Mzee Clanton, anayeongoza maadui, alikuwa ameuawa miezi miwili kabla ya mapambano yale. Doc Holliday anaanguka kwa risasi, ingawa kifua kikuu ndicho kilichomwua mwaka 1887, na James Earp, anayezikwa akiwa kijana, aliishi hadi mwaka 1926. Uongo huu ulichaguliwa na waongozaji na waandishi, na unaaminika kwa kiasi kikubwa kwa sababu kofia, glasi na vivuli vimetunzwa kwa uangalifu. Jicho lisilokwazwa na kidogo halikishuku kikubwa.

Katika *Cheyenne Autumn* (1964), Ford alisimulia safari chungu ya Wacheyenne, watu wa asili wa Amerika, ya mwaka 1878, lakini Wacheyenne wengi wa filamu hiyo walikuwa Wanavajo, nao walisema Kinavajo. Hapo daftari la kando ya kamera lilifika ukomo wake, kwani asiyejua lugha hawezi kushuhudia kama maneno ya teki ya pili ni yale ya teki ya kwanza, wala kama ni maneno ya watu wanaosimuliwa. Kiti cha pili kilistahili kuwekwa pale, akalie Mcheyenne mwenye daftari lake mwenyewe, na mwongozaji alazimike kumsikiliza kabla ya kamera kuwashwa tena.