Ukwangala na Matope ya Ziwa

Wanyakyusa wana neno lao ukwangala, yaani kukaa na wenzako na kufurahia maongezi yao. Katika neno hilo Monica Wilson alipata jina la kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951, nacho ni tunda la utafiti uliofanywa na yeye na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938. Chaeleza vijiji vya marika: vijana wa hirimu moja huondoka kwa baba zao, hujenga mahali pao, huoa na kuzeeka pamoja, na katika sherehe ya ubusoka wazee huwakabidhi wana wao utawala.

Ni kitabu chenye jicho kali, na sifa hiyo hainyang'anywi. Hata hivyo kina upungufu mmoja mkubwa. Kwa sehemu kubwa kimeandikwa kana kwamba mambo hayo yako vivyo hivyo siku zote, wala msomaji haambiwi vya kutosha yalianza lini na yangeweza kudumu kwa masharti gani.

Hapa yafaa tuwasikilize wanachuoni wa elimu nyingine. Mwaka 2005 wataalamu walitoboa sakafu ya Ziwa Nyasa na kutoa nguzo ndefu za matope. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba, baina ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita, ukame mkali ulirudi mara kadhaa, na ulipozidi kabisa maji yalishuka kwa meta 600 au zaidi, katika ziwa ambalo leo kina chake ni kama meta 700. Msomi wa matope hawezi kusema neno asipouliza kwanza: tangu lini?

Tukilipeleka swali hilo Kyela, vijiji vya marika vyaonekana kwa sura nyingine. Kila rika jipya lilihitaji ardhi mpya. Lakini uwanda huu umebanwa: mashariki Milima ya Livingstone, kaskazini Rungwe, kusini ziwa, magharibi Mto Songwe. Desturi ilitegemea nafasi, na nafasi ina mwisho. Kijana aliyebaki kwa baba yake kwa kukosa kiwanja, akipimwa kwa kitabu cha 1951 peke yake, ataonekana mvunja mila. Kumbe ni ardhi iliyokwisha. Hukumu ya namna hiyo si jambo dogo kwa watu wanaohukumiwa.

Monica Wilson mwenyewe aliliona jambo hili. Mwaka 1963 aliandika juu ya uhaba wa ardhi, na kitabu chake cha 1977, For Men and Elders, chataja wazi muda kinaouchunguza: 1875 hadi 1971. Basi amsomaye na amsome mpaka hapo.

Wala mtaalamu wa ziwa asijione amekamilika. Matope yatamwambia mvua ilipungua; hayatamwambia nani alihama, nani alipokewa, wala mzee gani aligawa shamba. Hayo yamo katika vinywa vya watu.

Maprofesa wetu wakikutana, kila mmoja husoma makala yake, hupigiwa makofi, akaketi. Huko si ukwangala. Mwenye matope na amwulize mwenye mila, "Tangu lini?" Naye mwenye mila amwulize mwenzake, "Walioishi hapo walifanyaje?" Wasipoulizana, Kyela itabaki na vitabu viwili visivyojuana.