Jumba la Opera Lisilo na Opera

Katika kufunza tamthilia kwa miaka mingi, nimeona wahakiki wengi wakisoma maandishi ya mtunzi na kusahau karatasi ya programu. Hebu tutazame majumba ya opera katika miji midogo ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19.

Jina lenyewe ni mtego kwa mfasiri. Katika mengi ya majumba hayo, opera ilikuwa nadra. Washika dini wengi waliona neno 'thieta' lina harufu ya uasherati, basi 'opera' ikawa tasfida ya kulipa jengo heshima. Tabor Opera House, lililofunguliwa 1879 katika mji wa wachimba madini wa Leadville, Colorado, lilimpokea Oscar Wilde mwaka wa 1882. Hakuja kuimba, alikuja kutoa mhadhara.

Vikundi vya waigizaji vilisafiri kwa reli, leo mji huu, kesho ule. Miongoni mwa michezo iliyozungushwa sana ni Uncle Tom's Cabin, uliotokana na riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya 1852. Riwaya ililaani utumwa. Lakini katika matangazo na programu za miaka ya baadaye, ati kinachonadiwa ni mbwa wakali wanaomkimbiza Eliza kwenye barafu! Katika riwaya, mbwa hawamo katika tukio hilo. Vikundi vingine viliweka Topsy wawili jukwaani ili mtazamaji aone pesa zake zimezaa. Nao wahusika Weusi mara nyingi waliigizwa na Wazungu waliojipaka weusi usoni.

Wapo watakaosema hiyo ni biashara, si fasihi. Sikubaliani nao. Watu wengi waliijua hadithi hiyo jukwaani bila kuifungua riwaya. Tom wa Stowe anauawa kwa kukataa kuwasaliti wenzake. Tom wa jukwaani aligeuzwa mzee mnyenyekevu wa kuhurumiwa tu. Jina lake likawa tusi miongoni mwa Wamarekani Weusi, na jukwaa lilichangia pakubwa.

Nasi tamthilia zetu za kutahiniwa huzungushwa shuleni. Mwalimu asitosheke na kuuliza kama waigizaji wamekifuata kitabu. Aulize pia bango limemwahidi mwanafunzi nini, na ahadi hiyo imemfunza kumwona mhusika vipi. Programu isitupwe baada ya onyesho. Ni ushahidi.